Lori Kuukuu la Jeshi Likikataa Kazi

Katika nchi kavu ya Wambeere, kutoka Kiritiri kushuka mpaka Kiambere na ukingo wa Mto Tana, lori lenye nguvu ni kitu cha thamani. Ndengu huvunwa zote kwa majuma machache, maembe huiva yote kwa wakati mmoja, na mawe ya kujengea hayachukuliki kwa punda. Kwa sababu hiyo mtu aliyejiwekea akiba huvutwa sana na lori kuukuu la jeshi linapouzwa. Magurudumu yake yote huvuta, chuma chake ni kinene, na bei yake ni ndogo kuliko ya lori jipya. Linalosahauliwa siku ya kununua ni kwamba gari hilo limekwisha kufanya kazi miaka thelathini au arobaini, na pengine limesimama uwanjani muda mrefu, mvua yake na jua lake, kabla ya kupata bwana mwingine. Litakataa kazi siku moja, na siku hiyo huenda limepakiwa mazao ya watu.

Magari ya namna hii si mapya katika Kenya. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, magari mengi ya jeshi yaliuzwa kwa raia, na miongoni mwa askari waliorudi kutoka Burma na Uhabeshi walikuwamo wengi waliofundishwa udereva na ufundi jeshini. Lakini malori ya siku zile karibu yote yalikuwa ya petroli. Yale ya dizeli ni ya baadaye, na linalojulikana sana ni Bedford MK la tani 4, lililotengenezwa Uingereza kwa ajili ya jeshi tangu miaka ya 1970. Yalipoachwa na jeshi yaliuzwa kwa mnada, na mengine yaliletwa Afrika na kampuni za kusafirisha watalii. Injini yake ina silinda 6 na ukubwa wa lita 5.4, nayo ni ndugu wa injini iliyokuwamo katika Bedford TK za raia. General Motors iliacha kutengeneza malori ya Bedford mwaka 1986, na kampuni iliyokinunua kiwanda cha Dunstable ilifilisika mwaka 1992. Basi spea zake leo hutafutwa, hazichukuliwi tu dukani. Fundi anayefungua pampu nzima kwa kubahatisha, akapoteza kijichuma kimoja kidogo, amemtia mwenye gari hasara iliyo kubwa kuliko ubovu wenyewe.

Ili mtu asibahatishe yampasa kwanza kuelewa kazi ya injini hii. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya umeme. Ya dizeli haina cheche. Pistoni huikandamiza hewa ndani ya silinda mpaka iwe moto mkali, kupita digrii 500 za Selsiasi. Ndipo nozeli hurusha dizeli ndani kama ukungu mwembamba, nayo hushika moto yenyewe. Injini hiyo, basi, yahitaji vitu vitatu: hewa safi ya kutosha, dizeli safi isiyochanganyika na hewa wala maji, na mkandamizo mzuri wa pistoni. Kitu cha tatu ndicho cha gharama, na ndicho kinachochelewa kuharibika. Ajabu ni kwamba wengi huanza nacho.

Chukua mfano wa lori lililopakiwa ndengu sokoni Kiambere, likaondoka vizuri, na baada ya mwendo wa dakika chache likaanza kukohoa, likapoteza nguvu, likazima. Dereva akingoja kidogo na kupiga stata, huwaka, kisha huzima tena. Hapo watu husema, "Pampu imekufa." Yawezekana, lakini mara nyingi sivyo. Dalili hiyo ni ya hewa iliyoingia katika njia ya mafuta, au ya njia hiyo kuziba.

Njia yenyewe ni hii. Dizeli hutoka katika tangi, hupita katika bomba mpaka kwenye pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini, yenye mkono wa kusukuma kwa kidole. Kutoka hapo huenda kwenye filta, kisha kwenye pampu kubwa, na mwisho hupita katika mabomba membamba ya chuma mpaka kwenye nozeli. Sehemu iliyo kati ya tangi na pampu ndogo hufyonza. Tundu dogo mahali hapo halivujishi dizeli hata tone. Laingiza hewa tu. Kwa hiyo fundi anayetafuta mahali palipolowa hatapaona. Nayo hewa ikifika kwenye pampu kubwa huleta taabu, kwa sababu hewa hubonyea na dizeli haibonyei. Pampu husukuma kwa nguvu zake zote, hewa ikabonyea na kurudi kama sponji, na nozeli haifunguki.

Kuna jaribio moja lisilo na gharama ambalo kila mwenye lori angefaa kulijua. Bomba litokalo kwenye tangi lifunguliwe mahali linapoingia katika pampu ndogo, na badala yake ifungwe hosi safi itokayo katika mtungi wa lita 20 wenye dizeli safi, uliowekwa juu kuliko injini na kufungwa imara. Hewa itolewe, injini iwashwe. Ikikimbia vizuri kwa robo saa bila kukohoa, pampu kubwa haina hatia, na ubovu upo katika tangi au katika bomba lake. Ikizima kama mwanzo, tangi na bomba hazina hatia, na upelelezi uendelee mbele. Jaribio hili huchukua nusu saa. Kushusha pampu, kuipeleka Nairobi na kuirudisha huchukua juma zima.

Ubovu ukiwa upande wa tangi, kwanza utazamwe mfuniko. Tundu la hewa la mfuniko likizibwa na vumbi, tangi hufyonzwa mpaka dizeli isiweze kutoka. Mfuniko ukifunguliwa husikika sauti ya hewa ikiingia, na lori huwaka kama kwamba halikuwa na neno. Pili, chujio lililo mwisho wa bomba ndani ya tangi, ambalo huziba kwa kutu na magamba ya rangi kuukuu. Tatu, hosi za mpira. Hosi ya miaka thelathini yaweza kuonekana nzima kwa nje, na ndani imepasuka. Ikipindwa kwa mkono na kuonyesha nyufa, isifungwe kamba wala sabuni. Ikatwe na kutupwa. Nne, vipete vya shaba vilivyo kwenye viungo. Vipete hivyo vikikazwa mara moja hugeuka vigumu, na vikirudishwa bila kulainishwa havizibi tena. Hulainishwa kwa kuvitia motoni mpaka vikawa vyekundu na kuviacha vipoe.

Kutoa hewa ni kazi ya kufuata mkondo, kuanzia karibu na tangi na kwenda mbele. Hufunguliwa kidogo skrubu iliyo juu ya filta, na mkono wa pampu ndogo husukumwa mpaka dizeli itoke bila mapovu. Skrubu ikazwe wakati dizeli ingali ikitoka. Kisha ifunguliwe skrubu iliyo kwenye pampu kubwa, na kazi iwe vilevile. Mkono wa pampu ukiwa mlegevu, hausukumi kitu, si lazima uwe umevunjika. Injini imesimama mahali ambapo pampu hiyo imekwisha kubonyezwa, na ikizungushwa kidogo mkono utapata nguvu. Mwisho, nati za mabomba membamba hulegezwa penye nozeli, stata ipigwe mpaka dizeli itoke kwa kurukaruka, ndipo zikazwe.

Hapa pana onyo lisilopasa kupuuzwa. Dizeli itokayo kwenye nozeli ina nguvu kupita mara 150 ya uzito wa hewa ya kawaida. Hupenya ngozi kama sindano. Mtu asijaribu kamwe nozeli kwa kiganja, wala kupapasa bomba kwa mkono ili kutafuta mahali linapovuja. Atumie kipande cha ubao. Aliyepenywa huona kitone kidogo tu kisicho na uchungu mwingi, akaendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono huvimba, na huenda ukakatwa. Mtu huyo apelekwe hospitali siku ile ile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia.

Maji na uchafu huingia kwa mlango mwingine, nao ni pipa. Dizeli iliyohifadhiwa katika pipa ichotwe baada ya kutulia siku nzima, na bomba la kuchotea lisifike chini. Tangi la lori lijazwe jioni, si asubuhi, maana nafasi tupu katika tangi hutoa umande usiku, na umande huo ni maji. Chini ya filta za magari mengi pana skrubu ya kuondolea maji. Ikifunguliwa kila juma huzuia taabu nyingi. Kuna pia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Biashara hiyo ilienea Kenya kwa sababu kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo, na ndiyo sababu Serikali iliiongezea shilingi 18 kwa lita mwezi wa Septemba 2018. Baadhi ya injini za kijeshi zilitengenezwa ziweze kula mafuta ya namna mbalimbali wakati wa vita, lakini hiyo si ruhusa ya kuzilisha mchanganyiko kila siku. Pampu kubwa hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu. Huila pampu polepole, bila sauti.

Moshi nao husema, kwa mtu anayejua kuusoma. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Katika barabara za vumbi zinazozunguka kilima cha Kiambere, mshitakiwa wa kwanza ni filta ya hewa. Katika malori mengi ya zamani filta hiyo ni bakuli lenye oili, ambalo vumbi hunaswa ndani yake. Wakati wa kiangazi yafaa lifunguliwe kila juma, tope litupwe, na oili mpya itiwe. Kama filta ni safi na moshi ungali mweusi, watazame mzigo. Magunia 44 ya kilo 90 yakaribia tani 4, na hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa. Watu husema gari la jeshi halina kipimo. Injini husema vingine. Moshi mweupe wakati wa asubuhi, ukiondoka injini inapopata moto, si jambo kubwa. Ukibaki mchana kutwa, huenda ni nozeli mbovu, au ni maji yanayoingia katika silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na aghalabu ni ringi zilizokwisha.

Lakini moshi wa buluu wa ghafula, baada ya filta ya hewa kusafishwa, ni habari nyingine. Fundi aliyetia oili kupita alama ameiweka injini katika hatari, kwa kuwa hufyonza oili hiyo na kuila kama mafuta. Kasi hupanda yenyewe, kuzima hakuwezekani, kwa maana haitegemei tena pampu. Injini ya namna hiyo yaweza kupasuka. Lililo salama ni kuinyima hewa kwa kuziba mdomo wake kwa ubao au gunia zito lililokunjwa, si kwa mkono. Au dereva aliye kitini aweke gia kubwa, akanyage breki kwa nguvu zote, na kuachia klachi ili injini izimike. Watu wengine waondoke.

Safari ya kupanda ndiyo huonyesha afya ya radieta. Maji ya bwawa la Kiambere, lililomalizwa mwaka 1988, yapo kiasi cha mita 700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Embu upo juu ya mita 1,300. Lori lenye mzigo hupanda tofauti hiyo kwa gia ndogo, katika jua kali, na feni yake hufanya kazi ngumu kuliko siku zote. Mbegu za majani zilizojazana kati ya mapezi ya radieta zisukumwe nje kwa maji, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mkanda wa feni ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba ushuke kiasi cha sentimeta moja na nusu, usizidi. Maji ya kisima yenye chumvi hujenga ukoko ndani, kama katika sufuria ya chai. Maji ya mvua ni bora. Maji yakichemka, injini iachwe izunguke polepole dakika chache kabla ya kuzimwa, na mfuniko usifunguliwe mpaka radieta iweze kushikwa. Kumwaga maji baridi ya mto ndani ya injini iliyo moto ni njia fupi ya kupasua silinda hedi. Kama maji hupungua bila kuvuja nje, mapovu yakaonekana katika radieta injini ikikimbia, au oili imegeuka kama maziwa ya chai, hapo gaskiti ya hedi imekwisha, na hapo ndipo pafaapo kufungua injini.

Umeme wa magari haya huwachanganya wengi, maana ni wa volti 24, utokao katika betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Gari dogo la volti 12 haliwezi kuliwasha. Mtu anayetaka redio, naye akachukua umeme katika betri moja tu, huichosha ile moja na kuipasha moto nyingine, na baada ya miezi michache zote mbili zimekufa. Betri mbili zinunuliwe pamoja, za umri mmoja. Zikiwa zimetulia na kujaa, kipimo huonyesha kiasi cha volti 25 kwa jumla. Injini ikikimbia na chaji ikiwa nzuri, kiasi cha 28.

Stata ikilia "tik" na kunyamaza, isishushwe kwanza. Apigiwe dereva ishara ajaribu mara mbili tatu, kisha vifungo vya betri vipapaswe. Kilicho moto ndicho kibovu, kwa sababu kutu huzuia umeme na kuugeuza joto. Vilevile utazamwe waya mnene wa adhi uliofungwa kati ya injini na chasi, ambao hukaa chini penye tope na kusahauliwa. Usafishwe mpaka chuma king'ae, upakwe grisi, ukazwe. Swichi kuu ya betri, ambayo malori mengi ya jeshi huwa nayo, nayo huoza ndani kwa kukaa bila kazi.

Yaliyotajwa mpaka hapa huleta hasara ya mali. Breki na magurudumu huleta msiba. Lori lililosimama miaka mingi lina mipira ya breki iliyokauka, nayo huweza kushika vizuri katika uwanja wa mnada na kuachia katika mteremko wa kwanza wenye mzigo. Kabla ya kulipakia chochote mipira hiyo yote ibadilishwe. Isioshwe kwa petroli, wala lisitiwe tone la oili ya injini katika chombo cha mafuta ya breki, maana mpira huvimba na breki hukwama au hufa. Mahali ambapo breki husaidiwa na upepo, mitungi ya upepo ifunguliwe kila jioni ili itoe maji, na gari lisiondoke asubuhi kabla ya mshale wa upepo kufika mahali pake. Katika barabara ngumu mvuto wa magurudumu ya mbele uondolewe. Malori mengi ya namna hii hayana difu ya katikati, na mashafti hujipinda yenyewe mpaka yakavunjika.

Kuhusu magurudumu, baadhi ya ringi za kijeshi ni za vipande viwili vilivyoshikwa pamoja kwa nati, mbali na nati zile zinazofunga gurudumu kwenye gari. Tanboi asiyejua hufungua za kwanza wakati tairi limejaa upepo, na vipande hurushwa kwa nguvu ya kuua mtu. Kabla ya kugusa nati yoyote, upepo utolewe wote kwa kufungua valvu mpaka tairi lilale kabisa. Nati zinazounganisha ringi zipakwe rangi nyekundu, na kila anayepewa spana aonyeshwe rangi hiyo kwanza. Wakati wa kutia upepo tena, hosi iwe ndefu, na mtu asimame mbele au nyuma ya lori, pasipo kuelekeana na ubavu wa gurudumu.